Kujipanga kuwekewa titi la implanti baada ya kukatwa ziwa: anza na swali la mionzi

Dada yangu, kama umefika hapa basi pengine umeshakatwa titi, au umeambiwa utakatwa, na kuna mtu kakunong'oneza kwamba siku hizi wanatengeneza lingine. Ni kweli wanatengeneza. Mi nimetengenezewa upande wa kushoto, miaka miwili baada ya kukatwa, na tangu hapo wadada wananipigia simu kuuliza, na naona wengi wanalichukulia kama jambo la siku moja, unaingia thieta, unaamka, titi lipo. Sio hivo. Ni safari ya miezi na ukishalipata ni kitu cha kukiangalia maisha yako yote, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote nayojua, kwa mpangilio ambao ningetamani mimi mwenyewe ningepewa.

Kwanza tuelewane maneno. Implanti ninayoisema hapa sio kile kijiti cha uzazi wa mpango, ni mfuko laini wenye ganda la silikoni, ndani kuna jeli ya silikoni au maji ya chumvi kama yale ya dripu, unawekwa kifuani pale titi lilipokuwa. Zimekuwepo tangu 1962, mwanamke wa kwanza kuwekewa za silikoni alikuwa Houston kule Marekani, kwa hiyo sio kitu cha majaribio, lakini pia sio kitu cha kudumu milele, na hilo nitalirudia.

Swali la kwanza kabisa, kabla hujauliza bei, kabla hujauliza hospitali gani, muulize daktari wako wa saratani: je, mi nitahitaji mionzi? Au kama ulishapigwa, ilipita lini na sehemu gani. Hili ndo linaamua karibu kila kitu. Sababu ni hii, mwili wowote ukiwekewa kitu kigeni unakizungushia ganda jembamba, hiyo ni kawaida na kwa wengi halina shida. Ila mionzi inakausha na kukaza ngozi, inaharibu mishipa midogo ya damu, na lile ganda linaweza kuwa nene likaanza kuminya implanti, titi linakuwa gumu kama embe bichi, linapanda juu, wengine linawauma hata kulalia ubavu hawawezi. Madaktari wanalipima kwa madaraja manne, la kwanza laini, la nne gumu na lina maumivu. Kidonda nacho kwenye ngozi iliyopigwa mionzi kinachelewa kupona na ni rahisi kuingiliwa na wadudu. Haimaanishi aliyepigwa mionzi hawezi kabisa kuwekewa implanti, wapo waliowekewa, ila hatari inapanda na wengi wanashauriwa njia ya kutumia nyama yao wenyewe, ya mgongoni au ya tumboni, badala ya implanti peke yake au pamoja nayo.

Huku kwetu wengi tunafika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa, na tezi za kwapani zimeshaguswa, kwa hiyo mionzi inakuwa sehemu ya tiba mara nyingi. Ndo maana nasema usikubali kupangiwa implanti na mtu ambaye hajasoma majibu yako ya kile kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa na hajaongea na wale wa saratani. Daktari wa upasuaji wa saratani, daktari wa upasuaji rekebishi na daktari wa mionzi inabidi wawe wameongea wao kwa wao, sio wewe ndo unabeba maneno kutoka mlango huu kwenda mlango ule. Mi nilibeba maneno hivo miezi mitatu, kila mmoja ananiambia kamuulize mwenzangu, mpaka nikaomba waniandikie barua, na ile barua ndo iliyofungua mambo. Omba barua.

Kama bado hujakatwa, hapa una nafasi ambayo mi sikuipata. Mwambie daktari KABLA hajakukata kwamba siku za mbele unataka kutengenezewa, hata kama ni miaka mitatu ijayo. Kuna namna ya kukata inayobakiza ngozi kubwa ya titi, na kwa wengine hata chuchu inabaki, kutegemea uvimbe ulikaa wapi. Akijua mapema anapanga mkato wake vizuri. Wengine wanatengenezewa palepale siku ya kukatwa, wengine baadaye. Ya palepale ina faida kwamba unaamka hujaona kifua kitupu na ngozi bado ipo, ila ikitokea kidonda kimegoma kupona, dripu za kemo au mionzi vinaweza kuchelewa, na tiba ya saratani ndo ya kwanza siku zote. Ya baadaye inakupa muda wa kumaliza tiba na kutulia kichwa. Baada ya kemo wanasubiri wiki kadhaa damu irudi sawa, baada ya mionzi kawaida ni miezi sita au zaidi. Hakuna mlango unaofungwa eti umechelewa, mama mmoja tuliyekuwa naye kliniki alikuja miaka tisa baada ya kukatwa.

Na kutotengenezewa kabisa pia ni uamuzi. Nasema hili kwa moyo mmoja, maana niliona wadada wanasukumwa na waume, na mashosti, na hata na mama zao. Kuna titi la nje la silikoni unaloweka kwenye sidiria, kuna la kitambaa lililojazwa pamba unashonewa na fundi yeyote anayejua mkono, na kuna wanaokaa na kifua bapa na wako vizuri. Mi nilitaka la ndani kwa sababu nilichoka lile la nje kuhama nikiinama, hiyo tu. Sababu yako iwe yako.

Haya, tuseme umeamua na daktari kasema unafaa. Mwili uandae kama unavyoandaa shamba. Sukari iwe imeshuka na imekaa chini, sio siku ya kupima tu. Presha hivohivo. Sigara iache angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, na sio sigara peke yake, shisha, ugoro, kuberi, tambuu yenye tumbaku, vyote vina nikotini na nikotini inabana mishipa midogo inayolisha ngozi, ngozi isipopata damu inakuwa nyeusi inakufa na implanti inatokeza. Hili jambo wanawake wa pwani tunalificha, bibi anatafuna tambuu miaka thelathini afu kwa daktari anasema hatumii tumbaku. Mwambie, hakuhukumu. Dawa za miti shamba nazo zitaje zote, na vidonge vya vitunguu saumu, tangawizi, mafuta ya samaki, aspirini, dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni, vingi katika hivyo vinafanya damu itoke zaidi. Kama unameza tamoksifeni, kile kidonge cha homoni cha kuzuia saratani isirudi, usiiache mwenyewe, uliza, maana ina uhusiano na damu kuganda na daktari ndo anaamua isimame siku ngapi au isisimame.

Kovu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hili la keloidi, kovu linalovimba na kukua, na vitabu vingi vya wenzetu hawalipi uzito. Siku ya kliniki muoneshe kovu la chanjo begani, matobo ya masikio, kovu la opresheni ya uzazi kama lipo, kama yamevimba na kuwasha aone kwa macho yake. Atapanga mkato na atakuambia mapema kama utahitaji sindano za kovu au plasta za silikoni.

Sasa kuchagua. Kuna njia mbili kuu. Moja implanti inawekwa moja kwa moja, hii inafaa kama ngozi imebaki ya kutosha na ina afya. Ya pili, ambayo ndo yangu na ya wengi waliokwisha kukatwa zamani, ni ya hatua mbili, kwanza unawekewa ekspanda, ni mfuko mtupu wenye kimlango kidogo cha sindano, unajazwa maji ya chumvi kidogokidogo kila wiki au kila wiki mbili ngozi ivutike, afu ikishavutika na kupumzika unarudi thieta ekspanda inatolewa implanti inaingia. Kwa hiyo ni nusukaputi mbili, likizo mbili, mtu wa kukuuguza mara mbili. Weka miezi minne mpaka sita tangu mwanzo hadi mwisho, na zaidi kama kuna tatizo. Usiifungie kati ya harusi na msiba. Mi nilijipangia niwe nimemaliza kabla ya harusi ya mpwa wangu na ile tarehe ikawa inanikimbiza kila siku, mpaka nikaifuta kichwani ndo nikapona kwa amani.

Maswali ya kuuliza kuhusu implanti yenyewe. Ndani ni silikoni au maji? Silikoni inashikika kama titi zaidi, ya maji ikipasuka utajua mapema maana linanywea, ya silikoni inaweza kupasuka kimyakimya usijue. Ganda lake ni laini au la kukwaruza? Hapa simama imara. Zile za ganda la kukwaruza zimehusishwa na aina adimu ya saratani ya kinga ya mwili, sio ya titi, inayotokea kwenye lile ganda linalozunguka implanti, kawaida miaka kadhaa baadaye, na dalili yake kubwa ni titi kuvimba ghafla kwa maji. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliziondoa sokoni dunia nzima zake za BIOCELL kwa sababu hiyo. Uliza jina la kampuni na uandike. Na ukumbuke ile ya Ufaransa, kampuni ya PIP, ambayo 2010 iligundulika inajaza silikoni isiyo ya kitabibu kwenye mifuko iliyouzwa nchi nyingi sana, mwenye kampuni alihukumiwa kifungo. Kwa hiyo mtu akikuambia ana implanti za bei poa kutoka kwa jamaa yake, bila boksi, bila namba, ondoka hapo.

Swali lingine, itakaa juu ya msuli au chini ya msuli wa kifua? Chini ya msuli inafunikwa vizuri kama ngozi ni nyembamba, ila ukitumia nguvu ya mkono titi linajivuta, mi yangu iko chini na nikikuna nazi au nikikanda unga wa chapati naliona linapanda na kwenda pembeni, haliumi, nimezoea, ila uambiwe kabla. Juu ya msuli halifanyi hivo lakini inahitaji ngozi yenye unene na mara nyingi wanaifunika na kipande cha ngozi iliyoandaliwa kiwandani. Na hapo ndugu zangu Waislamu sikilizeni, hicho kipande kinaweza kuwa cha binadamu aliyefariki, cha ng'ombe, au cha nguruwe. Hawatakuambia usipouliza, sio kwa ubaya, kwao ni kifaa tu. Mi niliuliza nikiwa nimeona aibu, na daktari akanijibu vizuri kabisa kwamba kuna cha ng'ombe, mwishoni hakukihitaji maana msuli ulitosha. Uliza mapema ili upate muda wa kuongea na shekhe wako kama moyo hautulii, sio asubuhi ya upasuaji umeshavaa gauni la kijani.

Ukubwa. Madaktari hawaongei kwa saizi za sidiria, wanaongea kwa cc, ambazo ni sawa na mililita, na wanapima upana wa kifua chako, kwa hiyo usiende na picha ya mtu wa Instagramu. Nyumbani nilifanya hivi, nikachukua chupa ya kunyonyeshea mtoto yenye alama za mililita, nikapima mchele mkavu, 300, nikautia kwenye soksi ndefu ya nailoni nikafunga fundo, nikauweka ndani ya sidiria laini upande mtupu, nikavaa dera juu, nikakaa nao siku nzima nikapika nikaenda sokoni. Kesho yake 350, kesho kutwa 400. Ile 400 jioni bega lilikuwa linaniuma, na mchele ni mwepesi kidogo kuliko silikoni, kwa hiyo nikajua yangu ni 350 hivi. Nikamwambia daktari, akapima upana akasema tunakubaliana. Ujue na hili, titi lako zima litaendelea kulegea na umri, la implanti litabaki limesimama, kwa hiyo wengi wanahitaji lile zima nalo linyanyuliwe au lipunguzwe ili yalingane. Iulizie kwenye bei mapema.

Pesa basi. Sitaji bei kwa sababu zinabadilika na kila mahali kwao, ila usikubali namba moja tu ya jumla ya mdomo, omba mchanganuo kwa maandishi: ekspanda, implanti, thieta ya kwanza, thieta ya pili, mtu wa nusukaputi, kitanda, dawa, kila sindano ya kujaza, kazi ya titi la pili, chuchu, na ikitokea imeingia wadudu ikabidi itolewe nani analipa. Hilo la mwisho ndo wanalolikwepa. Bima, iwe NHIF ya huku Tanzania au ya kampuni, peleka barua ya daktari iliyoandikwa kwamba ni marekebisho baada ya saratani, sio urembo, na upate kibali kwa maandishi kabla ya tarehe. Barua yangu ya kwanza iliandikwa kama ya urembo, ikarudishwa, ikaandikwa upya. Nyie mlioko Marekani, tangu 1998 kuna sheria ya shirikisho kwamba bima nyingi zinazolipia kukatwa titi zilipie na kutengenezwa, pamoja na kulinganisha titi la pili, ukikataliwa itaje. Uingereza NHS inafanya, foleni tu.

Wanaoenda India, na najua ni wengi, hesabuni ekspanda. Ukiwekewa kule ukarudi Dar, nani atakujazia? Ule mlango wa sindano unatafutwa na kimagneti maalum na aina zinatofautiana, kwa hiyo rudi na kadi ya kifaa chenyewe, picha ya boksi, na barua yenye namba ya maji yaliyoshaingia, afu uwe umeshaongea na daktari wa huku akakubali kukupokea. Ekspanda nyingi zina sumaku, zinaweza kulia pale uwanja wa ndege kwenye mashine, na kubwa zaidi nyingi haziruhusiwi kuingia kwenye kipimo cha MRI. Mwambie kila anayekuandikia kipimo.

Nyumbani kabla ya siku. Madera yote weka pembeni, dera linavaliwa kichwani na mkono hautapanda, tafuta mashati ya vifungo mbele, ya mume yanafaa sana, na kanga kuukuu laini. Mito minne mitano ya kulalia chali umeinuka. Vitu vya jikoni vishushe kutoka rafu za juu viwe usawa wa kiuno. Tafuta mtu wa kulala kwako wiki mbili, mi alikuja wifi yangu kutoka Tanga na bila yeye sijui ningefanyaje. Sala unasali umekaa kwenye kiti, kusujudu kunaongeza uzito wote kifuani. Ikikaribia Ramadhani muulize daktari, antibayotiki za kila masaa nane hazikai na saumu.

Dreni ndo kitu hakuna aliyenieleza vizuri, kwa hiyo hapa nikae kidogo. Unatoka thieta una mrija mmoja au miwili inatoka ubavuni, mwisho wake kuna kipira kama cha kunyonyea kamasi za mtoto ila kikubwa. Kile kipira kinanyonya majimaji yasikusanyike ndani. Mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, nawa mikono kwa sabuni, bana mrija karibu na mwili kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono mwingine vuta taratibu kushuka chini damu iliyoganda isogee, fungua kizibo, mimina kwenye kikombe cha vipimo, kisha KANDAMIZA kipira chote kikiwa wazi na ufunge kizibo kingali kimebonyea. Ukifunga kimejaa hewa hakinyonyi kitu. Andika tarehe, saa, mililita, na rangi. Yangu siku ya kwanza ilikuwa 110 na damu kabisa, siku ya nne 60 kama juisi ya rozela iliyochujwa, mwisho ikawa njano ya mafuta ya alizeti. Dreni inatolewa ikiwa chini ya mililita 20 au 30 kwa masaa 24, kwa kawaida siku mbili mfululizo. Siku ya sita wifi alienda benki, nikaona ndoo ya lita kumi iko jikoni nikainyanyua kuipeleka bafuni, hatua nane tu, jioni ile dreni iliyokuwa imeshuka 40 ikatoa 90 na ikarudi nyekundu. Nilikaa na mrija siku kumi na tano. Usinyanyue ndoo. Wiki sita, hata kama unajisikia mzima. Ule mrija usiuache unaning'inia, funga kanga kiunoni bana kipira hapo kwa pini, kitasa cha mlango kikiunasa utajuta.

Alama za hatari ziweke ukutani mtu mwingine naye azisome. Homa 38 au zaidi, titi kuvimba ghafla upande mmoja, majimaji yenye harufu au usaha, kidonda kuachia, mguu kuvimba ukiuma, kuhema kwa shida. Vitabu vinasema wekundu wa ngozi, kwetu wekundu hauonekani hivo, tafuta ngozi inayong'aa, imekuwa nyeusi zaidi au zambarau, na ukiweka mgongo wa kiganja inachoma kuliko upande wa pili. Ukiona lolote ni kwenda leo, sio kesho, sio kungoja kliniki ya Jumanne. Wakiwahi, antibayotiki zinaweza kuiokoa, wakichelewa implanti inatolewa na unasubiri miezi kabla ya kujaribu tena. Ikitolewa sio kosa lako, inatokea hata kwa aliyefanya kila kitu sawa.

Kujazwa kunaanza wiki mbili hivi baadaye, kidonda kikiwa kimefunga. Watu wanaogopa sindano, kumbe ile ngozi ina ganzi, mi sikuisikia kabisa. Daktari anapitisha kimagneti juu ya titi, kinajigeuza chenyewe pale mlango ulipo, anaweka alama ya peni, anasafisha, anachoma, unaona ngozi inapanda taratibu mbele ya macho yako. Thieta aliniacha na 80, afu 60 mara tano, jumla 380. Maumivu yanakuja baadaye, ni kubanwa, kama umevaa sidiria ya mtoto, siku moja au mbili, panadoli na kupumzika. Sindano zangu niliziomba za Ijumaa nipumzike wikiendi. Ukibanwa sana sema, anaweza kutia 40 au akaruka wiki, haraka ya nini. Na ekspanda ni ngumu na inakaa juu sana, wengi wanalia wakijua ndo titi lenyewe. Silo. Baada ya kubadilishiwa implanti, yangu ni ya 360, ikawa laini na ikashuka yenyewe ndani ya miezi mitatu.

Vitu ambavyo havirudi nikuambie wazi: hisia. Ngozi yangu imebaki na ganzi sehemu kubwa, kwa hiyo usiweke chupa ya maji ya moto wala kitambaa cha pasi hapo, utaungua bila kujua. Nikikaa ofisini kwenye kiyoyozi linakuwa la baridi kuliko mwili, nikitoka baharini vilevile. Chuchu inaweza kutengenezwa kwa ngozi yako baadaye, au kuchorwa tatuu ikaonekana kama imetokeza, mi nimeacha bila.

Mazoezi ya mkono anza siku watakayokuruhusu, kutambaza vidole ukutani kupanda juu kidogokidogo kila siku, weka alama ya peni ulipofika. Kama walitoa tezi za kwapani, mkono ule usipimwe presha wala kuchomwa sindano kama kuna mwingine, na ukianza kuvimba waambie mapema.

Afu baada ya hapo ni kuangalia. Titi zima linaendelea na mamogramu au kipimo daktari anachokupangia, upande wa implanti unajipapasa kila mwezi ukitafuta uvimbe kwenye ngozi au karibu na kovu, maana saratani inaweza kurudi hapo na implanti haiizuii. Kwa zile za silikoni, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri ultrasound au MRI miaka mitano hadi sita baada ya kuwekewa, kisha kila miaka miwili au mitatu, kutafuta kupasuka kimyakimya. Wengi watahitaji kubadilisha au kutoa siku moja, miaka kumi, kumi na tano, mwingine mapema, kwa hiyo kama una kibubu au kikoba, weka fungu la hilo tangu sasa.

Kabla hujatoka wodini, dai kadi ya implanti. Ina stika yenye jina la kampuni, aina, ukubwa na namba yake, boksi moja huwa na stika kadhaa na moja ni haki yako. Mi nilitoka bila yangu, nikarudi siku tatu baadaye nikakaa kwenye benchi mpaka ikapatikana ndani ya faili. Sasa iko kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha yake iko kwenye simu yangu na ya wifi. Nyuma ya bahasha nimeandika: imewekwa Novemba 2023, ultrasound Novemba 2028.